Asiyetaka kutubu: je, azuiwe hata kuingia ibadani?

Swali: Mshirika wetu ameiacha familia yake na anaishi na mwanamke mwingine. Mchungaji ameonana naye mara tatu, naye anasema wazi kwamba hatarudi. Baadhi yetu wazee wa kanisa tunataka atangazwe Jumapili ijayo na azuiwe kuingia ibadani. Je, hatua za Mathayo 18 za kumwonya aliyekosa (faraghani, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa) zimetimia?

Jibu: Bado, mzee wangu. Mchungaji kumwendea peke yake mara tatu ni hatua ya kwanza iliyorudiwa. Mathayo 18:16 inataka mtu mmoja au wawili zaidi waandamane naye, kwa kanuni ya Kumbukumbu la Torati 19:15 kuhusu mashahidi wawili au watatu. Nao hawaendi kumlemea kwa wingi wao, bali kusikiliza, ili baadaye asiweze kudai kwamba alisingiziwa. Mtanijibu kwamba katika 1 Wakorintho 5 Paulo aliagiza mtu aondolewe bila kuzitaja hatua hizo. Ni kweli, kwa kuwa dhambi ile ilikuwa wazi kwa wote na kanisa lenyewe lilikuwa likijivuna. Lakini ninyi hamjaketi naye hata mara moja, na sioni sababu ya kuharakia Jumapili ijayo.

Mkifika kwenye tangazo, litaje jina na uamuzi tu. Mkewe na watoto watakuwa wameketi pale wakisikiliza.

Kuhusu ibada, kutengwa humwondoa mtu kwenye Meza ya Bwana, kwenye huduma na kwenye haki za ushirika, lakini hakumzuii kulisikia Neno. Hata asiyeamini alikuwa akiingia katika kusanyiko la Korintho (1 Wakorintho 14:24), na mtoza ushuru, ambaye Mathayo 18:17 inasema asiyetubu ahesabiwe kama yeye, ni mtu ambaye Yesu alimwendea na kumwita; Mathayo mwenyewe alikuwa mmoja wao. Hata hivyo, msimchangamkie kana kwamba hakuna kilichotokea, maana 1 Wakorintho 5:11 inakataza hata kula naye. Mtu anayehatarisha wengine, hasa watoto, ni suala jingine: huyo azuiwe mara moja, na vyombo vya dola vijulishwe.

Kabla ya kumtenga, andikeni katika kumbukumbu za kikao ni nini mtakachokihesabu kuwa toba: kwa huyu, kuachana na mwanamke yule na kuanza tena kuitunza familia yake. Msidai machozi. Akiyatimiza hayo, 2 Wakorintho 2:7 inawataka mumsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni, na urejesho wake utangazwe mbele ya kusanyiko lile lile lililosikia kutengwa kwake.