Jibu: Mtafiti na mchoraji hawaelewani, nianzie wapi?
Mkuu, salama. Kama nimekuelewa, mtafiti wenu wa dengue amekataa mchoro wa ukutani wa mbu anayeeneza dengue mara ya tatu, na mchoraji kachoka, anadai hela yake.

Angalia hili kwanza: mchoraji amewahi kumwona huyo mbu, au alitumiwa maelezo tu WhatsApp? Sisi tulikwama hapohapo. Fundi wetu wa michoro ya Tingatinga alileta rasimu tamu kweli, mbu ana miguu ya mabaka meupe kama Aedes, yule wa dengue, lakini kamchora ameinua makalio juu, anavyotua Anopheles wa malaria. Mtaalamu akawaka. Tuliandikiana wee, wapi! Kilichosaidia ni kumkalisha fundi mbele ya hadubini asubuhi moja. Alipoona ile michoro myeupe mgongoni, imejikunja kama kinubi, alicheka, akachukua kifutio mwenyewe.

Halafu mtaalamu akupe sentensi moja tu. Yetu ilikuwa: huyu anauma mchana, na anazaliana kwenye maji ya kwako. Rangi mwachie fundi. Mbu wa bluu hana neno, ila ndoo isiyofunikwa, tairi na kifuu viwe vya kweli.

Hela mlipe kwa kila rasimu, hayo "marekebisho madogo" ya bure ndiyo yanayovunja urafiki.

Na kabla ya kugusa ukuta, mwonyeshe mama ntilie jirani, muulize anaona nini. Wetu alijibu, "Si tangazo la dawa ya mbu?" Tukarudi kuchora.