Jibu: Nitatofautishaje mluzi na mchakacho kifuani?

Ndugu, umesema kwako mluzi na mchakacho zote ni kelele tu. Usijali, mimi wiki za kwanza nilikuwa nasikiliza shati la mgonjwa! Weka stetoskopu (kile kifaa cha kusikilizia kifua) kwenye ngozi tupu, mwambie avute pumzi ndefu kwa mdomo, kisha linganisha kulia na kushoto, sehemu ileile.

Pumzi ya kawaida ni laini, kama upepo majanini, na kuvuta husikika kwa muda mrefu kuliko kutoa. Mluzi ni mlio unaovutika, mara nyingi wakati wa kutoa pumzi: njia za hewa zimebana, kama kwenye pumu. Mchakacho hukatikakatika. Sugua nywele zako karibu na sikio, utaupata. Huja zaidi akivuta pumzi, kwa mfano kwenye nimonia au maji mapafuni. Mwambie akohoe, usikilize tena. Mchakacho ukipotea, huenda yalikuwa makohozi tu.

Ila kinachonitisha mimi ni ukimya. Mgonjwa wa pumu anahangaika kupumua halafu husikii hata mluzi? Hewa karibu haipiti. Hapo ita msaada mara moja.