Dogo, acha kombo kwanza: jibu kwa anayechapwa kila siku kwenye Tekken 8

Juzi nimepata meseji ndefu ya kijana mmoja wa Mwanza, nimeirudia kuisoma maana ilinigusa. Anasema amejibana mpaka akanunua Tekken 8, ile gemu ya kupigana, anamtumia muhusika Kazuya, kombo zote za kwenye video, yani yale mapigo ya mfululizo, anazipiga bila kukosea, ila akiingia ranki, mechi za onlaini za kupanda daraja, anachapwa na watu ambao anaona kabisa hawamzidi kitu. Akamalizia hivi, "kaka niambie mazoezi uliyofanya wewe, maana mi nakaribia kuuza pedi ya gemu." Nimeona nimjibu hapa wote msome, kwa sababu najua mko wengi mnaotaka kile nilichokitaka mimi, kukaa kwenye kiti watu wamejaa nyuma yako na asipatikane wa kukutoa.

Jibu lenyewe fupi. Dogo usiuze pedi, na acha kombo kwanza, nenda kajifunze kupanishi. Yani mtu akirusha pigo, ulibloki (ulikinge), alafu umuadhibu papo hapo kabla hajarudisha mikono yake. Basi. Lakini najua nikiishia hapo hutaelewa kwa nini nasema hivyo kwa uchungu, so ngoja nikupe stori yangu.

Mi nimekulia kwenye vibanda vya gemu Temeke, enzi za PS1 na Tekken 3. Wa rika langu mnajua mfumo wa kibandani, anayepigwa analipa na anaachia pedi, anayeshinda anakaa. Ukiwa mtoto na una hela ya mechi moja mfukoni, kila pigo linakuuma kweli kweli. Watoto wengi walikuwa wanachukua muhusika anaitwa Eddy Gordo wanabonyeza mateke bila kuangalia, na inakubali, maana hakuna aliyekuwa anajua kubloki chini. Mimi nilichukua Hwoarang nikamfanyia kazi. Nilikuwa najua mateke yake yote, najua lipi linafuata lipi, na pale kibandani kwetu nilikaa kwenye kiti mpaka mwenye kibanda ananiambia nimpishe mwingine apate biashara. Nasema hivi nikijivunia, sikuwa mchezaji wa kubahatisha hata nikiwa mdogo.

Baadae maisha yakaenda, shule, kazi, nikapata PS4 yangu na Tekken 7. Nikajifungia ndani najifunza kombo, ndefu, za ukutani, zote. Nikasikia kuna mashindano mjini, sitayataja ni yapi, nikajiandikisha nikiwa na uhakika naenda kuchukua.

Nilitolewa mapema sana. Na aliyenitoa hakupiga kombo hata moja ya maana jamani. Nikirusha mateke yangu anabloki, akishabloki ananigusa ngumi mbili, vitufe vya mraba na pembetatu kwenye pedi, anarudi nyuma anasubiri. Narusha tena, anabloki, mraba pembetatu. Ile damu yangu, ule mstari wa uhai juu ya skrini, iliisha kidogo kidogo nikiwa naiangalia. Watu nyuma wakaanza kucheka, na aliyeshika maiki akasema kwa sauti nikacheze gemu ya mpira. Mbele ya wadogo zangu niliokwenda nao. Mpaka leo nikikumbuka ile sauti inaniuma, na sioni kwa nini mtu unayeandaa mashindano, unayesema unataka mchezo ukue, umcheke kijana aliyelipa kiingilio chake. Wale mnaoshika maiki, mjue kuna watu mnawapoteza kwa sentensi moja.

Ila usiku ule sikulala, nikawa nawaza kitu kimoja tu, yule jamaa alijuaje muda wa kunigusa?

Jibu ni fremu. Fremu ni picha moja moja ya gemu, Tekken inakwenda fremu 60 kwa sekunde, na kila pigo lina hesabu yake. Ngumi ya haraka kabisa, ile ya mraba, kwa karibu wahusika wote inachukua fremu 10 kufika, kama sehemu moja ya sita ya sekunde. Sasa ukirusha pigo kubwa mwenzako akalibloki, wewe unabaki umeganda kwa muda fulani huwezi kufanya chochote, hata kubloki. Lile teke la kuruka la kumnyanyua mtu, ambalo wahusika wengi wanalo, likiblokiwa kwa kawaida linakuacha nyuma kwa fremu 13 hivi. Ngumi ya fremu 10 inaingia kwenye fremu 13, huna ujanja, huna cha kubonyeza, umepigwa tayari. Pigo linalokuacha nyuma kwa fremu 15 na kuendelea, hapo mtu anaweza hata kukunyanyua akakupigia kombo nzima. Pigo linalokuacha chini ya 10, hapo kwa kawaida hakuna adhabu ya bure, tulia usiwe na pupa.

Ndio hicho tu yule jamaa alikuwa anajua na mimi sikijui. Sio kwamba alikuwa na vidole vya ajabu, alikuwa anajua lini ni zamu yake.

Na usidanganyike kwamba utaona kila pigo na kulijibu kwa macho. Mtu wa kawaida akiona kitu anahitaji kama robo sekunde kubonyeza, hiyo ni fremu 15 au karibu na hapo. Ngumi ya fremu 10 huioni, unaiblokia kwa sababu umesimama vizuri. Kwenye Tekken usipogusa kitu muhusika anajikinga mwenyewe mapigo ya juu na ya kati, wengi wanaoanza hawalijui hili, wanabonyeza mpaka kinga yao wenyewe inavunjika. Ukichuchumaa unakinga ya chini na ya juu yanapita kichwani, lakini ya kati yanakuvunja. Kwa hiyo simama, chuchumaa pale tu unapoona pigo la chini la taratibu. Lile teke refu la chini la muhusika Bryan, wazungu wanaliita Snake Edge, ni la taratibu, linaonekana kabisa likija, na bado naona watu wanaliwa nalo kila siku onlaini. Litazame kwenye mazoezi mpaka macho yazoee.

Sasa mazoezi. Nilifanya kitu kile kile karibu kila siku na ndicho nakuambia ufanye. Kila nikipigwa mechi, najiuliza ni pigo gani limenimaliza. Sio mapigo yote, moja tu. Naingia praktisi, sehemu ya mazoezi ndani ya gemu, namchagua yule muhusika, narekodi lile pigo, naliachia lijirudie, nabloki napanishi, nabloki napanishi, mpaka mkono unajibu wenyewe kabla kichwa hakijafikiri. Alafu narekodi pigo lingine pembeni yake ili gemu ichanganye, nisijue lipi linakuja, maana pigo moja likijirudia peke yake unaishia kukariri mdundo na sio pigo. Hii ya pili ndiyo inafanya kazi hasa, usiiruke.

Nyie mnaoanza na Tekken 8 mmepewa vitu ambavyo sisi hatukuwa navyo. Namba za fremu kwenye praktisi ya Tekken 7 zilikuwa zinanunuliwa pembeni, sasa hivi ziko ndani bure. Kuna sehemu ya kufanyia mazoezi ya kupanishi peke yake, inakuletea mapigo ya muhusika unayemtaka. Na kwenye ripleyi, marudio ya mechi zako, unaweza kuisimamisha mechi yako pale pale ulipopigwa, ukashika muhusika wako ukarudia tukio lile lile, na gemu yenyewe inakuonyesha hapa ungempiga na nini. Mimi ningekuwa na hicho kitu baada ya yale mashindano! Alafu mtu ananiandikia hajawahi hata kufungua ripleyi zake, anafungua video za watu wengine. Jamani. Mechi uliyopigwa wewe ndiyo mwalimu wako, imejaa majibu yako mwenyewe.

Kuna Special Style pia, unabonyeza L1 muhusika anapiga kombo kwa kitufe kimoja kimoja. Mimi siishauri kwa mtu anayetaka kwenda mbali. Kwa kucheza na shemeji sebuleni sawa.

Watu wataniambia oh huku kwetu hatuna intaneti nzuri, ukikutana na mtu wa Ulaya mechi inakwamakwama. Ni kweli, inakera, na kama una uwezo tumia waya badala ya Wi-Fi, gemu yenyewe inamuonyesha mpinzani uko kwenye Wi-Fi na wengine wanakukataa kwa hilo. Lakini muangalieni mchezaji Arslan Ash wa Lahore, Pakistan. Mwaka 2019 mwezi wa pili alikwenda Japani akachukua EVO Japan ya Tekken 7, mwezi wa nane akaenda Las Vegas akachukua EVO yenyewe, mashindano makubwa ya dunia ya gemu za kupigana, mwaka mmoja. Wakati huo dunia nzima inaamini Wakorea ndio wenye Tekken. Na alikotoka walikuwa wanacheza wao kwa wao, kwenye sehemu za gemu za mtaani, wanakaa bega kwa bega, wakipigana kila siku. Knee wa Korea, ambaye ni mmoja wa wachezaji wakubwa kuwahi kutokea, mwaka huo huo alifunga safari hadi Pakistan kwenda kucheza nao. Mwaka 2024 Arslan akachukua tena EVO, hii ikiwa Tekken 8. Na hapa jirani, Sylvia Gathoni wa Kenya, QueenArrow, alisainiwa na timu ya Marekani ya UYU mwaka 2018 kwa Tekken 7. Kwa hiyo tafuta watu wawili watatu wa mtaani kwako mnaokaa pamoja, onlaini ya kukwama utacheza ikibidi.

Tekken 8 ilitoka Januari 2024, na waliokuwa Dar wanakumbuka hali ya umeme kipindi kile. Mgao umekolea, unarudi kazini nyumba giza. Nilikuwa nawasha data nakaa na simu kibarazani naangalia mechi za wakubwa, na siangalii kombo, nikiona kombo inaanza nasogeza mbele. Naangalia sekunde moja kabla ya kombo, nani alirusha nini, nani alibloki, kwa nini adhabu ilikuwa ile na sio nyingine. Jaribu hivyo. Utagundua mechi nyingi za watu wakubwa ni kusubiri, kugusa, kusubiri, kugusa. Vijana hamtaki kusikia kusubiri. Mnataka damu iishe mara moja, mnataka klipu ya kuweka status. Lakini subira kwenye huu mchezo inafanyiwa mazoezi kama kombo inavyofanyiwa mazoezi, usidhani umezaliwa nayo au umezaliwa bila.

Mwezi uliopita tulikusanyika kwa rafiki yetu, seti mbili za PS5, watu wa kila upande wa mji. Yule jamaa alikuwepo. Hakunikumbuka, mimi nilimkumbuka kuanzia miguu. Tukapangiwa pamoja, akaanza mchezo wake ule ule, anasubiri nirushe. Sikurusha. Nikasimama, nikamgusa ngumi moja, nikarudi nyuma, nikabloki. Akaanza kukosa raha, akarusha lile teke la kuruka, mraba pembetatu. Akarusha tena, mraba pembetatu. Nikamfunga mechi zote, hakuchukua hata moja. Akanipa mkono akaniuliza nimejifunzia wapi, nikamwambia kwako. Kombo nilizopiga siku ile zilikuwa fupi, na damu yake nyingi nimeichukua kwa zile ngumi mbili mbili. Nilirudi nyumbani usiku nikiwa na furaha ambayo sijaipata hata siku niliponunua PS yenyewe, na sioni aibu kuisema.

Sasa dogo wa Mwanza, kwa Kazuya wako. Ile elektriki unayoihangaikia, ngumi yake ngumu kuitoa, mbele, achia, chini, alafu chini mbele na pembetatu kwa fremu moja, iweke pembeni kwa sasa. Najua ni tamu, najua ndio sababu ulimchagua. Itakuja. Wiki hii shika vitu viwili tu. Cha kwanza ukiwa umesimama, ukibloki teke la kuruka au chochote kinachomuacha mtu nyuma kwa 10 na kuendelea, bonyeza mraba mraba pembetatu, hiyo ndiyo adhabu yako ya fremu 10. Cha pili ukiwa umechuchumaa umebloki pigo la chini la taratibu kama lile la Bryan, achia uinuke na mraba pembetatu, inatoka kwa fremu 13 na inamnyanyua, hapo ndipo hizo kombo zako za kwenye video zinapata kazi. Rekodi teke la kuruka na Snake Edge kwa pamoja, changanya, fanya mpaka usikosee.

Ukiingia ranki usihesabu umeshinda ngapi. Hesabu mara ngapi ulibloki ukaacha kuadhibu, fungua ripleyi utaziona. Zikipungua niandikie tena, tutaanza kukata mikamato ya muhusika King, yani kujinasua anapokushika akubwage, na hiyo unaweza kuanza kuizoea leo kwa kuangalia mikono yake inavyotoka, wa kushoto ukitangulia kata na mraba, wa kulia pembetatu, ikija yote miwili bonyeza vyote kwa pamoja.