Tope, mayai viza na "kunuka vizuri"

Msomaji wa Ruai anaandaa tangazo la kubandikwa karibu na tangi la tope la maji taka. Anauliza: aandike "tope linanukia salfa" au "tope linanukia kiberiti"?

Yote mawili hapana, dada. Tope halinukii. Vinavyonukia ni pilau, asumini na udi. Choo kinanuka. Nuka, nukia na nusa ni ndugu wa tumbo moja, ila hiyo *i* ndogo ndiyo inayotenga jiko na msalani. Wewe umeikosea kwa kuizidisha. Wenzako wa Nairobi wameitupa kabisa, wakaleta "kunuka vizuri", na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Juzi kwenye matatu, kijana mtanashati alimwinamia binti aliyeketi kando yake: "Aki unanuka vizuri." Binti akajinusa kwapa, kisha akageukia dirisha hadi Donholm. Kijana wa watu alitaka kusema "unanukia", neno moja, basi! Ukishatamka "unanuka" umeshatukana. "Vizuri" ya nyuma ni kama kumzaba mtu kofi kisha ukamwambia pole.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Hawakusema "hayanuki vibaya", kwa kuwa ubaya umo ndani ya kitenzi chenyewe. (Tope la tangini lingewafanya wasite, lakini. Likifungiwa pasipo oksijeni, bakteria huvunjavunja protini, na salfa ya asidi amino, vijenzi vya protini hizo, kama sisteini na methionini hutoka ikiwa haidrojeni salfaidi, uvundo wa mayai viza, na methanethioli, uvundo wa kabichi iliyooza. Methani yenyewe, gesi ya kuwaka inayotafutwa humo, haina harufu.)

Sasa salfa au kiberiti? Kiberiti kimetoka kwa Waarabu, *kibrit*, na maana yake ya asili ndiyo hiyo salfa. Sodoma na Gomora ziliteketea kwa kiberiti na moto, si kwa njiti. Ila nenda dukani leo uitishe kiberiti uone utapewa nini. Kwa hiyo kwenye kemia andika salfa, na kwenye tangazo andika "tope linanuka mayai viza". Hakuna atakayeuliza maana. Ukitaja kiberiti mbele ya tangi la methani, mlinzi atakupekua mifuko.