Usitume hiyo advansi: jibu kwa anayechagua kati ya PC na PS4

Usitume hiyo laki tano. Mengine tutaongea, lakini hiyo pesa isitoke kwenye simu yako leo.

Umeandika kwamba una milioni mbili na nusu, unakaa hosteli Wandegeya, Kampala, na unauliza kipi bora kati ya PS4 ya mtumba na PC ya kuunganishwa, kama gemu za mtandaoni zinachezeka kwa bando la kawaida, padi gani inafaa, na kama bei ya PS5 itashuka. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, ukagusia kwamba kuna jamaa wa WhatsApp anakuuzia PC yenye kadi ya grafiksi, kile kifaa kinachochora picha za gemu, "GTX 1060 ya GB 6, mpya kwenye boksi" na anataka advansi ya laki tano jioni hii ili akushikie. Wadau kumi wamekujibu kuhusu padi na hakuna aliyeishika hiyo sentensi. Mimi nimeisoma mara mbili na damu imenichemka, kwa sababu ni maneno yaleyale niliyouziwa mimi.

GTX 1060 ilitoka 2016. Nvidia, wenye kadi hizo, waliacha kuzitengeneza miaka mingi iliyopita. Hiyo "mpya kwenye boksi" imetoka kwenye boksi lipi?

Yangu yalinikuta 2021. Mimi ni mtu wa konsoli tangu vibanda vya PS2 kule Busia, upande wetu wa mpaka, ambako ulilipia mechi moja moja na aliyefungwa alimpisha mwenzake. Nikacheza PS3, nikacheza PS4, na mwaka huo nikaamua kuingia kwenye PC. Ulikuwa wakati mbaya kuliko wakati wowote. Kadi za grafiksi zilikuwa zimeadimika dunia nzima, wachimbaji wa sarafu za kidijitali walikuwa wanazizoa kwa mabunda, na bei zilipaa. Muuzaji mmoja mwenye duka kwenye plaza moja katikati ya Kampala akaniambia hayohayo, na kwa hilo alikuwa anasema kweli. Ndiyo maana nilimwamini kwa lililofuata: kwamba yeye ana njia yake, anayo GTX 1050 Ti ya GB 4, lakini wapo wateja wawili wanaitaka na niamue leo. PC nzima milioni mbili na laki tatu.

Nilikwenda dukani, msidhani sikwenda. Niliikuta imewaka, feni zinazunguka na taa za rangi. Akanifungulia Windows, akanionyesha orodha ya vifaa, na humo limeandikwa wazi: NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti. Nikaona jina kwa macho yangu nikalipa. Sikuomba afungue gemu hata moja. Mashine kuwaka na mashine kucheza ni mambo mawili, na tofauti yake mimi ilinigharimu milioni mbili na ushee.

Sasa nikueleze jina lile lilifikaje pale, maana usipojua hili utadanganywa hata ukiwa na macho manne. Kadi ya grafiksi ina programu yake ndogo ndani, BIOS yake, na hiyo ndiyo huiambia Windows "mimi ni fulani". Mtu mwenye kompyuta na muda anaweza kuiandika upya. Anachukua kadi kuukuu, anaiandikia jina la kadi ya kisasa, anaiandikia na GB ambazo haina, anaifuta vumbi na kuivalisha plastiki mpya. Windows haina njia ya kubisha, inasoma tu ilichoambiwa. Yangu ilikuwa GTX 550 Ti, kadi ya 2011, kipindi ambacho wewe huenda ulikuwa bado unajifunza kuandika herufi. 1050 Ti halisi ina viini 768 vya kuchakata picha. Ile ilikuwa navyo 192. GB nne nilizoahidiwa zilikuwa moja.

Nyumbani ilianza vizuri, na hilo ndilo linaloumiza. GTA V ilikubali, kwa picha za chini kabisa, na mimi nikasema moyoni labda sijui kuipanga. Gemu ikitaka kumbukumbu zaidi ya ile GB moja, skrini inaganda halafu kila kitu kinazima. Red Dead Redemption 2 (RDR2), gemu ambayo kwa kweli ndiyo iliyonifanya nihame, haikufunguka kamwe. Kwenye PC gemu hiyo huongea na kadi kwa kupitia programu za Vulkan au DirectX 12, na kadi za kizazi kile hazina Vulkan kabisa. Niliishusha GB zote zile, karibu 150, kwa bando, mwaka uleule serikali ilipoweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Nikaweka draiva mpya, programu inayoendesha kadi, kutoka Nvidia, kadi ikakataa hata kutambulika. Na bado muuzaji ananiambia kwenye simu: "Bosi, hiyo ni Windows, njoo nikuwekee nyingine."

Fundi mmoja wa kompyuta ndiye aliyenifumbua macho, na hakuchukua hata robo saa. Aliigeuza mashine nyuma, akanionyesha tundu la VGA, lile la bluu la kebo ya zamani, kwenye kadi yenyewe. Kadi za kizazi cha GTX 10 hazitoi picha za VGA, Nvidia waliliondoa hilo. 1050 Ti yenye tundu la VGA ni ya uongo, basi, huhitaji kuuliza tena. Kisha akachomeka flashi akafungua GPU-Z, programu ndogo ya bure isiyohitaji hata kusakinishwa, na programu ikaweka alama ya bandia mbele ya jina la kadi. Tangu 2018 ina uwezo wa kuzitambua. Dawa ilikuwepo bure miaka mitatu kabla sijalipa.

Nilirudi dukani. Alinionyesha risiti yangu mwenyewe. Juu imeandikwa waranti mwaka mmoja, chini imepigwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na katikati, kwenye maelezo ya bidhaa, ameandika "PC 1". Hakuna jina la kadi, hakuna GB, hakuna namba ya siriali. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Uganda tuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, kwa madai yasiyozidi milioni 10, unajieleza mwenyewe bila wakili, na kwamba sheria inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Maelezo yapi? "PC 1" ilikuwa PC moja kweli. Huyo mtu alijua anachoandika. Alinitazama machoni, alijua nimekusanya hizo pesa kwa muda gani kwa sababu nilimwambia, akaandika maneno mawili na kunipa soda. Mpaka leo nikipita plaza ile napita upande wa pili wa barabara, nisije nikasema maneno ambayo mama yangu hakunifundisha.

Na haikuishia kwenye kadi. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya PC, ilikuwa nyepesi kama boksi tupu, ubavuni imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa. Soma kibandiko kidogo, mdogo wangu, usisome herufi kubwa. Tafuta mstari wa volti 12, zidisha volti kwa ampea. Yangu iliandikwa ampea 18, yaani wati 216, na hizo ndizo zinazolisha kadi na prosesa. Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo kama unavyojua unavyorudi, ikalia mara moja na kwenda na mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta.

Nina hasira pia na wale wa video za mtandaoni wanaokariri kwamba PC ni nafuu ukipiga hesabu ya miaka mingi. Hesabu yao imepigwa Marekani, ambako kadi mbovu unairudisha dukani na kurudishiwa pesa bila kugombana. Hapa kwetu hesabu hiyo inakosa mstari mmoja mkubwa: nani atakurudishia? Ndugu zangu humu mnaomwambia kijana "PC tu, PC ndiyo baba lao", mngemuuliza kwanza anaiona wapi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sina nyingine: shilingi isitoke mpaka mashine icheze gemu unayoitaka wewe, mbele yako, nusu saa bila kuzima. Iwe PC, iwe konsoli, iwe ya ndugu yako wa damu. Gemu unayoitaka wewe, maana yeye atakuwa na gemu yake nyepesi ya kukuonyesha. Beba flashi yenye GPU-Z na FurMark. GPU-Z itakwambia kadi ni nani, FurMark itaichemsha mpaka useme imechoka, na pawasaplai ya bandia haivumilii mchezo huo. Akikataa, akisema umeme hakuna, akisema fundi ametoka na funguo, ondoka. Akitaka advansi kabla hujaiona, huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Yakipita yote hayo, risiti iandikwe jina kamili la kadi, GB zake na namba yake ya siriali, mbele yako, kabla hujahesabu noti ya kwanza.

Kwa PS4 ni nusu saa ileile. Weka gemu nzito, ya diski, usikilize. Feni ikianza kuvuma kama jenereta, au diski ikigoma kusomeka ikishapata joto, hiyo imechoka. Tikisa kidogo kebo ya HDMI uone kama picha inapotea. Iache padi mezani bila kuigusa uone kama mchezaji anatembea mwenyewe. Halafu iingize kwenye akaunti, hapo dukani, kwa data yako, maana Sony, wenye PlayStation, huweza kuifungia mashine yenyewe na si akaunti tu. Na ukiambiwa ina gemu arobaini ndani bure, jua imechezewa programu. Itabaki kwenye toleo la zamani, na mtandaoni hutaingia nayo bila kupoteza zile arobaini.

Sasa, PC au konsoli? Kama jioni zako ni FC, gemu ya mpira, na wenzako wa hosteli, padi mbili, kelele, chukua PS4 uwe na amani. Diski ukiichoka unaiuza au unabadilishana. Lakini mimi moyo wangu bado uko kwenye PC, hata baada ya yale. Kwenye PC ukicheza mtandaoni hulipi ada ya kila mwezi kama PS Plus. Epic, duka la gemu za PC mtandaoni, wametoa gemu za bure tangu 2018, hata GTA V waliitoa bure Mei 2020. Na PSN, mtandao wa PlayStation, haina hata Uganda kwenye orodha yake ya nchi, sote tunafungua akaunti kwa kujifanya tunaishi kwingine. 2024 Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye PC wawe na akaunti ya PSN, gemu iliondolewa sokoni kwenye Steam, duka jingine la gemu za PC, katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, mpaka watu walipopiga kelele dunia nzima ndipo wakaliacha hilo sharti. Mtu ananunua kwa haki anaambiwa kwao hakuhesabiwi. Hilo liliniuma zaidi ya gemu yenyewe.

Ukichagua PC, achana na hizo za taa. Tafuta kompyuta ya ofisi ya mtumba, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ile ya mnara na siyo ile nyembamba, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu chini ya hapo Windows 11 haikubali na Windows 10 iliachwa Oktoba 2025. Pawasaplai zake ni za kiwandani, wati chache lakini za kweli. Tia GTX 1650 isiyo na waya wa ziada wa umeme. Inakula wati 75 ambazo mazabodi inaweza kuipa yenyewe. Ndiyo niliyo nayo sasa, na RDR2 nimeimaliza nayo. Nunua na UPS, betri ya kuishikia kompyuta umeme ukikatika, hata ndogo, kabla ya kibodi ya taa, kabla ya kiti, kabla ya chochote.

Lakini hiyo pia uione ikicheza nusu saa.

Mwambie huyo jamaa akutumie picha ya nyuma ya mashine, upande wa matundu, na picha ya kibandiko cha pawasaplai. Ziweke hapa tuzione. Akikubali kuionyesha, niandikie saa na mahali. Jumamosi niko mjini kuanzia saa nne asubuhi, nitakuja na flashi yangu tuikalishe hiyo "1060" mbele yake, pesa zako zikiwa bado kwako.