Miche Yako Haina Njaa, Inakimbia Jirani

Msomaji kanitumia picha ya miche yake ya nyanya: mirefu, imepauka, imelala kama walevi. Anauliza aongeze yuria. Ndugu yangu, weka huo mfuko chini.

Mwaka jana mnunuzi aliikataa miche yangu mbele ya watu, akaiita njiti. Inaniuma mpaka leo, maana kitalu nilikiweka chini ya mwembe kwa ushauri wa mtu mwenye vyeti ukutani. Nikaamua kusoma mwenyewe. Msimu huu mnunuzi yuleyule kaja na gari. Nimemuuzia, hela mkononi kwanza.

Sikilizeni basi. Jani hunyonya mwanga mwekundu, lakini ule mwekundu wa mbali, ambao macho yetu hayauoni vizuri, hulipenya au hurudi nyuma. Mche hupima uwiano wa hiyo miwili kwa protini iitwayo fitokromu B. Juani protini hiyo iko macho, inazibana protini za PIF, zile zinazowasha jeni za kurefuka. Majani yakizidi juu au kando, mwekundu wa mbali unazidi ule mwekundu wa kawaida, fitokromu B inalegea, PIF zinaachiwa, jeni hizo zinawaka. Katika Arabidopsis, mmea mdogo wanaoupenda watafiti, kinara ni PIF7: huamsha jeni za YUCCA, majani-mbegu yakatengeneza homoni ya oksini, ikateremka kwenye kishina, kikarefuka. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Salk, California, walionyesha kuwa mche wenye jeni mbovu ya TAA1, inayosaidia kutengeneza oksini, hushindwa kurefuka inavyotakiwa kivulini, kwa kuwa oksini haitoshi. Breki nayo ipo: kivuli hichohicho huwasha jeni ya HFR1, inayozizuia PIF zisipitilize.

Na mche hausubiri kufunikwa! Mwanga unaorudishwa na majani ya jirani unatosha kuutia hofu.

Kwa hiyo tenganisha miche. Trei zisibanane. Toka chini ya mwembe. Jua likiwa kali tumia neti nyeusi, kwa sababu hiyo hupunguza mwanga wote pamoja bila kuvuruga sana uwiano. Halafu tenganisha miche, narudia, maana vijana mnapenda dawa ya dukani kuliko kusogeza trei, ambako hakuna gharama. Yuria itazidisha ulaini tu.

Iliyokwisha kurefuka usiitupe. Ukiipeleka shambani, fukia shina hadi karibu na majani. Nyanya huota mizizi shinani.