Mama kagoma sindano ya surua, nimwambieje?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni nesi zahanati moja huku Tanga, nipo kliniki ya watoto. Juzi kaja mama na mtoto wa miezi 9, chanjo za nyuma zote kamaliza vizuri, kufika ya surua kagoma. Anasema mtoto wa jirani alichomwa, ikapita wiki akapata homa na vipele, halafu eti hizi sindano zinafunga kizazi. Nimemweleza weee, mwisho nikamwambia mtoto akifa usije kunililia, akachukua kadi yake akaondoka. Hawa tunaongea nao vipi?

JIBU: Marahaba sista. Hiyo ya usije kunililia hata mimi nilishaisema zamani, foleni ndefu, joto la saa saba mchana, nikajiona nimemkomesha, kumbe ndo nimempa sababu ya kutorudi.

Kwanza huyo mama sio mpinga chanjo. Kaja wiki ya 6, ya 10, ya 14, nauli ya bodaboda katoa mwenyewe. Kuna kitu kakiona, na kakiona sawasawa! Chanjo ya surua na rubela ina virusi hai vilivyodhoofishwa, vinahitaji siku kadhaa kuongezeka mwilini, ndo maana homa ya chanjo ya penta, ile ya wiki ya 6, 10 na 14, inakuja siku ileile au kesho yake ila ya surua inakuja kama siku ya 7 mpaka ya 12, kwa watoto wachache, pengine na vipele, na inaondoka yenyewe baada ya siku mbili tatu. Sasa ukimwambia "hapana, haikuwa chanjo" umeshamkosa, maana jirani yake kamuona kwa macho.

Kwahiyo akija tena muulize tu, "mama nanii, yule mtoto wa jirani ilikuwaje?" halafu unyamaze, kalamu iweke chini kabisa. Akimaliza mwambie kweli inatokea, umwombe ruhusa, "nikwambie na mimi ninachokijua?" Akisema haya, ndo unamweleza hiyo ya siku ya 7 na panado ya maji kwa uzito wa mtoto, na dalili za kumrudisha haraka: degedege, kupumua kwa shida, kulegea, kukataa kunyonya. Ukimtajia homa kabla haijaja, ikija atasema nesi aliniambia. Usipomtajia, wiki ijayo mtaa mzima unayo.

La kizazi muulize kalisikia wapi. Mwaka 2014 kule Kenya maaskofu walilalamikia chanjo ya pepopunda ya wanawake, maneno yakasambaa mpaka leo yanabandikwa kwenye kila sindano. Usianze kubishana. Mfungulie kadi ya ujauzito muone wote sindano zake za pepopunda, halafu muulize ni wangapi mtaani kwao walichomwa mimba ya kwanza wakarudi na ya pili na ya tatu. Atacheka, kuna wengine wanacheka hapo hapo.

Na chunguza nani anaamua nyumbani. Mara nyingi unahangaika na mama wa watu wakati neno la mwisho lipo kwa bibi au kwa baba mtoto. Mwambie aje na bibi, mpe kiti, muulize yeye surua ya zamani ilikuwaje, atakuhadithia vizuri kuliko bango lolote la ukutani.

Jingine, samahani nitakugusa. Mama mwingine aliyekubali, kaja Jumanne, mnamwambia rudi Alhamisi watoto wawe wengi kwasababu kichupa cha dozi 10 kikishachanganywa kinatupwa baada ya masaa 6. Fungua hata kwa mtoto mmoja. Dozi kupotea inauma, ila mama wa Jumanne hakuhakikishii Alhamisi.

Huyu wako mtume mhudumu wa afya wa mtaa wake amsalimie, asiende na maneno ya sindano siku ya kwanza. Ukikutana nae sokoni usimsemeshe mambo ya kadi mbele za watu. Akirudi akakataa tena, mpime mtoto uzito kama kawaida, mwandikie tarehe ya kurudi, mwambie mlango upo wazi, na hapo usiongeze neno.